Analia getini, tumbo linauma asubuhi: majibu ya maswali yenu

Shule zimefunguliwa na meseji ni zilezile za kila Januari. Nimechagua chache. Walioniuliza ada za shule fulani wakaulize shuleni.

Shikamoo mwalimu. Mwanangu wa miaka mitano ameanza awali. Asubuhi ananing'ang'ania getini. Mwalimu wake ananiambia nichoropoke akiwa anaangalia bembea. Ni sawa? (Mama, Mbagala Rangi Tatu)

Marahaba. Si sawa, na nitalisema hili mpaka nichoke. Mtoto akigeuka asikukute, anajua kwamba akikuondolea macho tu unapotea. Kesho hatakuachia khanga hata ukienda chooni hapo nyumbani. Muage. Chuchumaa mtazamane, mwambie unaondoka, nani atamfuata na atafuatwa baada ya nini. Saa sita na nusu haijui huyo. Anajua "mkishakunywa uji, mkacheza, mkavaa mabegi". Mkumbatie, mkabidhi mkononi kwa mwalimu, uende. Usirudi kuchungulia dirishani, akikuona kilio kinaanza upya. Wengi hunyamaza mzazi akishakata kona. Mpigie mwalimu uhakikishe. Na ukisema utamfuata mwenyewe, usitume bodaboda. Ukikwama kwenye foleni, piga simu shuleni aambiwe mapema nani anakuja. Kilio cha wiki mbili tatu ni cha kawaida kabisa.

Tumbo linamuuma Jumatatu hadi Ijumaa, Jumamosi mzima. Nimempima malaria na mkojo, hana kitu. Anadeka? (Baba, Tabata)

Hadeki. Woga unauma tumbo kweli, hata kwa mtu mzima. Umefanya vizuri kumpima, na siku ukiona homa, kutapika au kuhara mrudishe hospitali. Vinginevyo mwambie unajua linauma, na shule mtakwenda. Ukimbakiza nyumbani leo, kesho itakuwa ngumu zaidi.

Ila hukuniambia kama umemuuliza kuhusu choo. Wazazi wa mjini hapa mnasahau sana. Mtoto amezoea choo cha kukaa na cha kuvuta maji, shuleni anakuta tundu, giza na foleni ya wakubwa wanaosukumana. Anabana toka asubuhi mpaka anarudi. Tumbo lisiume kwa nini? Nendeni wote mkakione hicho choo, achuchumae ukiwa umemshika mkono, ajue maji yako wapi. Kisha itazame sare yake. Mnawanunulia Kariakoo suruali za kifungo kigumu na mkanda ambao hata mimi unanishinda. Weka lastiki. Na afundishwe kusema "mwalimu, naomba kwenda chooni" kwa sauti inayosikika.

Basi la shule linampitia saa kumi na moja kasoro robo alfajiri. Analia tangu anavishwa viatu. Nimwondoeje woga? (Mama, Bunju)

Huyo ana usingizi, mama. Mtoto wa miaka mitatu hadi mitano anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, ukihesabu na usingizi wa mchana. Wako analala saa nne usiku tamthilia ikiisha, anaamshwa saa kumi na robo: saa 6 na dakika chache. Ili afike 10 usiku peke yake ingebidi awe kitandani saa kumi na mbili na robo jioni, wakati wengi wao saa hiyo hawajamaliza hata kuoga. Kisha tunashangaa anasinzia darasani na kulia akiguswa.

Najua umefuata Kiingereza. Lakini mtoto wa awali anayevuka jiji zima gizani analipa gharama kubwa kuliko ada yako. Tafuta shule anayoweza kwenda kwa miguu, hata ya Serikali. Tangu mwaka 2016 hazitozi ada. Kama huwezi kumhamisha mwaka huu, zima televisheni mapema, na mwombe dereva abadilishe mzunguko ili wadogo wachukuliwe mwisho.

Dada wa kazi anamtisha kwamba asipokula atasemewa kwa mwalimu achapwe. Sasa hataki shule. (Mama, Kimara)

Mkalishe dada leo, kwa heshima, akome. Wewe pia, kama huwa unasema hivyo, na wengi wenu mnasema. Mnamtia mtoto hofu ya mtu anayetakiwa kumkimbilia akiumia. Kama kuna fimbo ya kweli darasani, kanuni za mwaka 2002 zinampa kiboko mkuu wa shule au aliyemwidhinisha kwa maandishi tu, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Mtoto wa awali anachapwa kwa kulia? Nenda ofisini kwa mkuu asubuhi hiyohiyo.

Tumpeleke bweni azoee? Yuko la kwanza. (Baba, Segerea)

Hapana. Na tangu mwaka 2023 Serikali imezuia bweni kuanzia awali hadi darasa la nne, isipokuwa kwa kibali maalumu.

Nitajuaje kama si woga wa kawaida? (wengi)

Woga wa kawaida unapungua wiki hadi wiki. Akifikisha mwezi haongei kabisa shuleni wakati nyumbani anaongea, au kilio kinazidi badala ya kupungua, muone daktari. Muhimbili wana idara ya afya ya akili na hakuna aibu kwenda. Aliyekuwa anapenda shule akaikataa ghafla, akaanza kukojoa kitandani au kumkimbia mtu mmoja, konda wa basi, mlinzi au mwalimu, huyo usimlazimishe kupanda basi kesho. Muulize taratibu mkiwa wawili, usimkaripie, usimwekee maneno mdomoni. Akikwambia kaguswa au kaumizwa, mwamini. Piga 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure, kisha uende dawati la jinsia na watoto kituo cha polisi siku hiyohiyo.