Ndege wa Rangi ya Chungwa Majarubani

SWALI: Mvua zinapokolea, majaruba yetu hapa wilayani Uyui huingiwa na ndege mdogo wa rangi ya chungwa na nyeusi, ambaye hujitunisha manyoya na kuruka polepole juu ya mpunga. Ikifika Julai simwoni tena. Ni ndege gani, na je, mkoani Tabora wapo wengine wa rangi hiyo?
Msomaji, Uyui

JIBU: Uliyemweleza ni kweche dume, na yamkini hahami kwenda mbali. Mvua zikiisha hupukutisha manyoya yale ya fahari na kuota ya kahawia yenye michirizi, akafanana na jike lake, na hata na kweleakwelea ambao huchanganyika nao katika makundi ya kiangazi. Hivyo huenda wewe mwenyewe unamfukuza shambani mwezi Julai bila kumtambua. Kwetu zipo aina mbili zinazochanganywa mno. Mmoja ana paji jeusi na mabawa ya kahawia, ilhali mwingine ana utosi wenye rangi kali hadi karibu na mdomo, na mabawa yake pamoja na mkia ni meusi. Tazama paji na mabawa kwanza, kwa maana rangi yenyewe hudanganya: hutegemea chakula, na dume mmoja huweza kuwa wa chungwa huku mwenzake akikaribia wekundu wa damu. Anayefungwa tunduni hufifia, tena kumkamata bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.

Wengine wapo. Hudihudi, mwenye kishungi chenye ncha nyeusi, hudonoa wadudu ardhini. Wanaosumbua zaidi kuwatofautisha ni mdiria wawili wadogo, wote wenye tumbo la chungwa na mgongo wa buluu. Yule wa kando ya maji, anayevua samaki, buluu ya utosi wake hushuka hadi jichoni. Mwenzake, mwenye urefu wa sentimita 12 hivi, ana ukanda wa chungwa juu ya jicho, na hula wadudu katika miombo, hata mbali na mto.

Kwa kweche, nenda alfajiri kati ya Januari na Machi kwenye matete ya bwawa au majaruba yoyote. Kwa mdiria wa majini, ukipata nafasi, fika Mto Ugalla au ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyotambuliwa chini ya Mkataba wa Ramsar, yaani mkataba wa kimataifa wa kuhifadhi ardhioevu, mwaka 2000, ukiwa na darubini.