Kombe la Stavanger na karatasi za chooni

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki lilikuwa fupi: "Je, tajiri anaweza kununua ubingwa?" Najua mlikuwa mnatutega tuzungumzie Simba na Yanga, na barua nyingi mtakazopata zitakuwa za watu wa Kariakoo wakirushiana zile hesabu za asilimia 51 za wanachama na 49 za mwekezaji. Mimi niko Mtwara. Timu yangu ni Ndanda, kwa hiyo ubingwa ni habari ninayoisikia kwa majirani. Nitawajibu kwa klabu ambayo nina hakika hamtaletewa na msomaji mwingine: Stavanger Oilers ya Norway, wacheza hoki ya barafuni. Msicheke kwanza.

Jibu langu la haraka ni ndiyo, anaweza, na nimeliona hilo kwa macho yangu.

Nilikaa Stavanger tangu Agosti 2011 hadi katikati ya 2013, nikisomea mambo ya mafuta na gesi. Mji huo ndio makao makuu ya Statoil, ambao siku hizi wanajiita Equinor, hao hao waliokuja kuchimba baharini huku kwetu, mbele ya Lindi. Mtu akisikia Norway anafikiria theluji hadi magotini. Stavanger iko pwani ya magharibi, bahari inaupasha mji joto, na kinachoshuka kuanzia Oktoba ni mvua ya ubavuni, ile isiyojali mwavuli. Barafu ya kuchezea wanaitengeneza kwa mashine. Mchezo wa mji ule ni soka, na timu ni Viking. Hoki ni ya watu wa mashariki: Oslo, Hamar, Sarpsborg, Fredrikstad. Mpaka kufika 2010 kombe la ligi ya Norway halijawahi kuvuka milima kwenda magharibi hata mara moja, na Vålerenga ya Oslo peke yao walishalibeba mara 26.

Sasa mtazame hawa. Klabu imeundwa mwaka 2000. Jina wamelichukua kwa wakubwa wa Canada, Edmonton Oilers, kama vile sisi tunavyoita timu za mtaani Chelsea na Santos. Mwaka uliofuata wakapanda ligi kuu. Akaja mfanyabiashara wa hapo hapo mjini, Tore Christiansen, akaibeba. Wakaletwa Wakanada, wakaletwa Wafini. Mmoja wa hao Wafini, Juha Kaunismäki, alikaa miaka mingi hadi akaichezea timu ya taifa ya Norway. Akaletwa kocha Petter Thoresen, mtu aliyecheza Olimpiki tano mwenyewe, na ambaye mwanawe Patrick alishaichezea Edmonton, ile yenye jina la asili. Mwaka 2010 wakachukua ubingwa wa kwanza. Halafu 2012, 2013, 2014, 2015, 2016 na 2017, sita mfululizo. Januari 2014 wakaenda Rouen, Ufaransa, wakarudi na Kombe la Kontinenti, lile la klabu za hoki za Ulaya, klabu ya kwanza ya Norway kulitwaa. Ndani ya miaka kumi na minne, kutoka timu isiyokuwepo.

Kama huko si kununua, basi sijui kununua ni nini. Nilitaka niishie hapo niwape barua fupi. Lakini nilipoandika jina la ule mji nikakumbuka karatasi za chooni, na sasa itabidi mnivumilie.

Nilipanga chumba cha chini ya nyumba mtaa wa Tjensvoll, jirani kabisa na uwanja wao wa zamani, Siddishallen. Mama mwenye nyumba alikuwa na mtoto wa kiume wa miaka kama kumi, anacheza hoki katika timu za watoto. Jumamosi moja ya Februari 2012 akanigongea mlango asubuhi akaniambia leo kuna dugnad, na mimi ninakwenda. Hakuniuliza. Dugnad ni kazi ya pamoja isiyo na malipo. Wapare wanaita msaragambo, na wasomaji wa Kenya watasema harambee, ila hii si ya kutoa hela mfukoni, ni ya kutoa mgongo. Nikadhani tunakwenda kufagia. Tukafungua gari. Limejaa karatasi za chooni hadi kwenye kioo cha nyuma.

Huko ndivyo timu za watoto zinavyopata fedha. Wazazi wananunua tishu za chooni kwa jumla, wanapita na watoto wao nyumba kwa nyumba wakiziuza, faida inaingia kwenye timu. Zinakuja kwa furushi kubwa, na mtu hanunui roli mbili, ananunua furushi zima. Fikirini sura yangu: Mmakonde aliyevaa makoti mawili, kwenye mvua ya ubavuni, ninasukuma mkokoteni wa karatasi za chooni zilizofunikwa nailoni, mbele yangu mtoto wa miaka kumi ndiye msemaji wa msafara kwa sababu Kinorwe changu kiliishia kwenye "asante".

Nyumba ya nne au ya tano akafungua mzee, peke yake, na soksi za sufu. Mtoto akasema shairi lake. Mzee akasikiliza mpaka mwisho, akatutazama, halafu akatuashiria tumfuate gereji. Nikafikiri tunakwenda kufokewa faragha. Kule gereji kulikuwa na rafu ya mbao kutoka sakafuni hadi darini, na rafu nzima ni karatasi za chooni. Akaanza kutuonyesha kwa kidole kama mtu wa makumbusho: hizi za bendi ya shule, hizi za mpira wa mikono, hizi za soka, hizi tena za bendi. Mtu mmoja, mkewe ameshafariki, na karatasi za kumtosha mpaka siku ya kiyama. Akatoa pesa, akachukua furushi letu, akapanda kingazi, akaliweka juu ya yote. Mtoto akaniambia baadaye kwa Kiingereza chake cha shuleni kwamba mzee huyo watoto wake walicheza zamani, na yeye alishapita kwenye milango hiyo hiyo. Kwa hiyo anadaiwa. Ndivyo alivyosema, kwamba anadaiwa, na hakuwa akitania.

Tuliuza hadi saa tisa alasiri. Mimi mwenyewe nilinunua furushi moja kwa aibu, chumba changu kilikuwa na nafasi ya kitanda na meza, nikaligeuza kiti. (Nilipoondoka mwaka uliofuata nilimwachia Mghana aliyepokea chumba.)

Jioni ile timu kubwa ilikuwa na mechi nyumbani na wageni kutoka mashariki. Nikaambiwa zawadi yangu ni kuingia bure. Nikafurahi. Kuingia bure kwenyewe kukawa ni kusimama kwenye kibanda cha korido, nyuma ya jukwaa, kukaanga vafler, vile vikate vyao laini vyenye umbo la mioyo mitano iliyoungana, vinavyopakwa jamu. Wazazi wa timu za watoto walikuwa zamu, na mimi nilikuwa mzazi wa siku moja. Nilionyeshwa mara moja jinsi ya kumimina uji wa unga, mara ya pili nikaachiwa mashine mbili.

Hoki ya barafuni ni vipindi vitatu vya dakika ishirini. Uwanjani ni watano na kipa, na kila baada ya sekunde arobaini na kitu wanabadilishana mchezo ukiendelea, wanaruka ukuta kama makonda wanaodandia daladala iliyokwisha kuondoka. Haya niliyaona katika dakika tatu nilizoruhusiwa kuchungulia. Paki, kile kisahani cha mpira mweusi wanachokipiga, sikukiona hata mara moja. Niliona watu wakikifuata. Mabao yote niliyasikia kupitia ukutani. Kwanza kelele, halafu honi ya kutikisa chupa za soda, halafu watu watatu wanne wanatoka mbio kuja kununua vafler kana kwamba bao linaleta njaa. Ile ndiyo mechi ninayoikumbuka kuliko zote nilizowahi kuingia maishani, nami sikuona bao lolote. Baada ya mechi yule mtoto na wenzake walipita kwenye viti wakiokota vikombe.

Msimu ule walichukua ubingwa, wa mwisho pale Siddishallen. Mwaka huo huo wakahamia ukumbi mpya jirani, DNB Arena, wenye nafasi ya watu zaidi ya elfu nne, na viti ambavyo havikugandishi. Nilikwenda mara mbili kama mtazamaji wa kulipa. Pazuri. Sikupata mtu wa kuzungumza naye.

Hapa ndipo ninapoanza kugombana na jibu langu la juu. Sheria za michezo za Norway zinataka klabu ibaki ya wanachama. Tajiri anaweza kuunda kampuni pembeni, akaweka fedha, akalipa mishahara ya Wakanada, lakini klabu yenyewe, ile ya watoto na karatasi za chooni, hainunuliki. Basi nikasema moyoni, kumbe siri iko huku chini. Halafu nikajisahihisha tena, maana nimesomea uhandisi na sipendi kudanganya hesabu: waliofunga mabao yale niliyoyasikia ukutani hawakutoka kwenye kundi la mtoto wa mama mwenye nyumba. Wengi walikuja kwa ndege. Hakuna furushi la tishu linaloweza kumtoa mtu Canada.

Tena kuna hili. Mafuta yalipoporomoka bei, kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014 hadi chini ya 30 mwanzoni mwa 2016, Stavanger ililia. Mume wa mama mwenye nyumba alipunguzwa kazini, aliniandikia mwenyewe. Mimi nikasubiri Oilers waanguke, kwa sababu timu iliyopewa jina la mafuta itasimamaje bila mafuta? Wakachukua 2015. Wakachukua 2016. Thoresen akaondoka kwenda timu ya taifa, wakachukua 2017 bila yeye. Mpaka 2018 ndipo Storhamar wa Hamar wakalirudisha kombe mashariki. Kwa hiyo ilikuwa pesa ya tajiri iliyokuwa imara kuliko bei ya mafuta, au ilikuwa ile rafu ya gereji? Nimelifikiria kwa wiki nzima, na mke wangu amechoka.

Msomaji wa Mtwara anajua kwa nini linaniuma. Februari 2012, mwezi ule ule wa mkokoteni, Statoil walitangaza kisima cha gesi cha Zafarani, na mwalimu wetu akanipongeza mbele ya darasa kama vile gesi ni ya baba yangu. Mei 2013 nikiwa naandika utafiti wangu wa mwisho, Mtwara ikawaka kwa ajili ya bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, na nilikuwa nikitazama moshi wa nyumbani kwenye simu, katika mji ambao mafuta yameujengea kila kitu hadi barafu. Mwaka 2014 Ndanda tukapanda ligi kuu. Uwanja wetu, Nangwanda Sijaona, ulijaa hadi watu kwenye miembe. Tukashangilia, tukangoja kampuni za gesi zije zituone, tukangoja bei ya korosho, tukangoja mkuu wa mkoa. Mwaka 2020 tukashuka. Sikumbuki siku yoyote katika miaka ile sita ambayo mtu alinigongea mlango akaniuzia kitu kwa ajili ya Wanakuchele, kama tunavyoiita Ndanda. Wala mimi sikumgongea mtu.

Kwa hiyo mkitaka jibu la mstari mmoja: hapana, ubingwa haununuliki. Nimeandika kinyume huko juu, nimeona, na sifuti. Labda niseme kombe moja linanunuliwa, la 2010 mwachieni tajiri. Sita mfululizo ni kitu kingine. Lakini mtu mwenye fedha zake akitokea kesho Mtwara akasema anaitaka Ndanda, mimi nitakuwa wa kwanza kupiga vigelegele stendi, na hii barua mtanifanyia hisani mkiichana.

Mwezi uliopita mpwa wangu alinijia na bahasha. Huku kwetu mjomba ndiye anayefuatwa. Timu yao ya mtaa inataka jezi, na juu ya bahasha wameandika "mchango". Nikatoa elfu kumi, nikamuuliza, "Sasa mnauza nini?"

Akaigeuza bahasha, akaitazama pande zote mbili. "Hatuuzi, mjomba. Ni mchango."

Msomaji wenu,
Shangani, Mtwara