Maswali ya Wasomaji: Oili na Filta za Gari la Dizeli la Zamani

Barua nyingi za safari hii zinahusu magari ya dizeli yaliyotengenezwa kabla ya kompyuta kutawala kila kitu chini ya boneti. Tumejibu sita.

SWALI: Habari za kazi, wahariri. Nimenunua gari la mwaka 1996 lenye injini ya Toyota 1HZ, halina turbo. Kitabu chake kimepotea. Muuza vipuri anataka niweke 5W-30 ya sintetiki kwa kuwa ni ya kisasa. Fundi naye anasema 20W-50 kwa kuwa injini imechoka. Nimsikilize nani?

JIBU: Weka 15W-40 ya dizeli, halafu pesa utakayookoa itumie kubadilisha oili mapema.

Injini yako ina silinda sita, lita 4.2, na dizeli yake huanza kuwaka kwenye chemba ndogo kabla moto haujaingia kwenye silinda yenyewe. Injini za namna hii hupeleka masizi mengi kwenye oili. Ndiyo maana unaposhika dumu dukani, usianze na jina la kampuni wala neno sintetiki. Geuza dumu, tafuta herufi za API, yaani taasisi ya Marekani inayopanga madaraja ya oili. Zinazoanza na S ni za injini za petroli, zinazoanza na C ni za dizeli. Ukiona CH-4 au CI-4, umepata. Dumu lenye zote mbili, mfano CI-4/SL, halina tatizo. Lenye SN peke yake liache hapo hapo, hata kama ni ghali kuliko yote, kwa sababu halikuundwa kubeba masizi ya dizeli bila kuyaacha yagandamane.

Oili ya CI-4 inachukua nafasi ya daraja za zamani kama CD, CE na CF-4, ambazo ndizo utakazozikuta kwenye vitabu vya magari ya miaka hiyo. Ipo pia CK-4, mpya zaidi, nayo inakubalika. Angalizo moja tu: CK-4 imewekewa kikomo cha majivu ili isizibe vichujio vya moshi vya magari mapya, na kikomo hicho kinabana kiasi cha viambato vinavyoua asidi. Dizeli ikiwa na salfa nyingi, asidi nayo ni nyingi. Mahali ambapo mafuta ya kwenye pampu hayaaminiki, sisi tunachagua CI-4 yenye TBN (kipimo cha uwezo wa oili kuua asidi) ya 10 au zaidi. Namba hiyo hupatikana kwenye karatasi ya maelezo ya oili, mara chache kwenye dumu lenyewe. FA-4, daraja jingine la oili ya dizeli, usiiguse kabisa, ni nyepesi na haikukusudiwa kurudi nyuma kwenye injini za zamani.

Sasa uzito. Namba iliyo kabla ya W inahusu baridi: oili ya 15W hupimwa kama inasukumika kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri, ya 5W kwenye nyuzi 35 chini ya sifuri. Kama gari halilali kwenye baridi kali ya theluji, hiyo 5W unailipia bure. Namba ya pili inahusu injini ikiwa na moto. Kwenye injini yenye beringi zilizotembea sana, 30 huacha utando mwembamba mno, na gari lililokuwa halili oili linaweza kuanza kula.

Fundi wako hajakosea sana. 20W-50 si sumu, na kwenye joto kali kuna injini kuukuu zinazotulia nayo. Ubaya wake ni asubuhi: inachelewa kufika juu kwenye valvu, na kuchakaa kwingi hutokea sekunde hizo za mwanzo. Wengi huiweka ili taa ya oili iache kuwaka injini ikipata moto. Hapo oili nzito inaficha ugonjwa. Fungua swichi ya presha, funga geji ya kupimia, usome presha halisi injini ikiwa na moto na haijapigwa resi. Ikiwa presha iko sawa, swichi ndiyo mbovu. Ikiwa imeshuka kweli, tatizo liko kwenye pampu au beringi, na hakuna oili itakayolitibu.

Badilisha kila kilomita 5,000 au miezi 6, lipi litangulie, pamoja na filta. Oili ya kawaida inayobadilishwa kwa wakati inalinda injini ya aina hii kuliko ya bei kubwa inayoachwa hadi kilomita 15,000.

SWALI: Nilibadilisha oili juzi, leo kijiti kinatoka cheusi tii. Nimeuziwa feki?

JIBU: Hapana, weusi peke yake hauthibitishi hilo. Kwenye dizeli ya zamani oili mpya huweza kuwa nyeusi hata kabla hujatoka kwenye uwanja wa gereji, kwa sababu oili chafu hubaki kwenye njia za ndani na oili mpya inaanza kuokota masizi mara moja. Kinachopaswa kukutia wasiwasi ni uzito na harufu. Chukua tone kati ya vidole viwili. Likiwa zito kama uji, masizi yamezidi. Likiteleza kama maji na kunuka dizeli, soma jibu la mwisho hapo chini. Rangi ya maziwa ina maana maji ya rejeta yameingia, na gari lisiwashwe tena.

SWALI: Filta ya oili ya gari langu haipatikani, nikapewa nyingine ambayo ni fupi kidogo ila inajifunga vizuri tu. Kuna madhara?

JIBU: Kujifunga vizuri ni jambo la hatari kulitegemea, ndugu msomaji, maana vitu vinne lazima vilingane na kimoja tu ndicho unachokiona kwa mkono.

Cha kwanza ni nyuzi za kufungia. Filta nyingi ni za M20 × 1.5 (kipenyo cha milimita 20, nyuzi zikiachana milimita 1.5) au za inchi ¾ zenye nyuzi 16 kwa inchi. Ya inchi ¾ ina kipenyo cha milimita 19.05. Tofauti haifiki hata milimita moja. Filta ya M20 ikiwekwa kwenye shina la inchi ¾ inaingia, inakaza, na fundi anaondoka ameridhika. Kumbe imeshikwa na ncha za nyuzi tu. Siku oili ikiwa nzito na presha ikapanda wakati wa kuwasha, inaweza kuchomoka, na injini ikamwaga oili yote kwa muda mfupi sana. Kipime kwa mkono kabla hujaweka mpira: filta inayolingana huzunguka bila kucheza pembeni.

Cha pili ni kipenyo cha gasketi ya mpira. Lazima ikae katikati ya sehemu iliyolainishwa kwenye injini, isipande ukingo.

Cha tatu na cha nne viko ndani. Kuna valvu ya kupitishia oili pembeni filta ikiziba au oili ikiwa nzito, na kila injini ina presha yake inayotakiwa valvu hiyo ifunguke. Ikifunguka mapema, oili inazunguka bila kuchujwa. Kuna injini ambazo valvu hiyo iko kwenye bloku, na filta yake haina. Ukibadilishana hizo mbili ovyo unaweza kuwa na valvu mbili au usiwe nayo kabisa. Halafu kuna kifuniko cha mpira kinachozuia oili isirudi chini gari likizimwa. Chungulia kwenye vile vitundu vidogo vya pembeni: utaona mpira, mweusi au wa silikoni wenye rangi. Ubonyeze taratibu kwa kijiti kisafi, unatakiwa uwe laini na urudi wenyewe. Ukiwa mgumu au haupo ilhali filta yako imelala ubavu au inaangalia chini, kila asubuhi utasikia injini ikigonga sekunde chache hadi oili ijae upya.

Kwa hiyo ufupi wenyewe si dhambi. Filta fupi yenye vipimo hivyo vyote sawa inafanya kazi, ila ina karatasi kidogo na itajaa mapema. Tumia namba ya filta ya asili kutafuta mbadala wake kwenye katalogi za watengenezaji wa filta, na usilinganishe kwa macho kaunta.

Wakati wa kufunga, hakikisha gasketi ya zamani haikubaki imeganda kwenye injini, kwani gasketi mbili zikikutana huvuja kwa nguvu. Paka mpira mpya oili, zungusha hadi uguse, kisha ongeza robo tatu ya mzunguko kwa mkono bila spana. Kwenye nati ya kumwagia oili weka wosha mpya ya shaba au alumini. Na kama gari lina turbo, jaza filta oili kabla ya kuifunga ikiwa imekaa wima, halafu chomoa waya wa swichi ya kuzimia dizeli na upige stata hadi taa ya oili izime. Ndipo urudishe waya na uwashe. Shafti ya turbo isizunguke kavu.

SWALI: Shikamoo mhariri. Tangu nibadilishe filta ya dizeli, gari linawaka vizuri mchana ila asubuhi napiga stata muda mrefu. Nimebadilisha plagi za kupashia moto, hali ni ile ile.

JIBU: Marahaba. Ungetazama bomba la moshi kabla ya kununua plagi. Wakati stata inazunguka, moshi mweupe ukitoka maana yake dizeli inafika ila haiwaki, na hapo plagi ndizo za kushukiwa. Moshi usipotoka kabisa, dizeli haifiki. Kwa maelezo yako tunaamini ni la pili: hewa inaingia usiku na dizeli inarudi kwenye tangi.

Fungua filta tena utazame mpira wake. Filta nyingi huja na mipira miwili au mitatu ya ukubwa unaokaribiana, na mmoja ukikaa pasipo pake hautavujisha dizeli nje, utavuta hewa ndani. Kagua pia tundu la kuondolea maji chini ya filta na sensa yake, maana mpira wa sensa hiyo husahaulika. Kisha angalia vile vimipira vyembamba vilivyosukwa nyuzi vinavyounganisha nozeli na nozeli kwa ajili ya dizeli inayorudi. Vikikauka hupasuka, na bei yake ni ndogo. Kama bado hujaona, funga kwa muda kipande cha mpira unaoonyesha ndani kabla tu ya pampu ya dizeli, utazame mapovu.

Kutoa upepo: legeza skrubu ya juu ya kichwa cha filta, bonyeza pampu ya mkono hadi dizeli itoke bila povu, kaza, endelea kubonyeza hadi pampu iwe ngumu. Piga stata sekunde 15, pumzika dakika moja, rudia. Ikigoma, legeza nusu mzunguko nati za mabomba kwenye nozeli mbili, piga stata hadi dizeli iruke, kaza. Hili la mwisho ni la pampu za zamani peke yake. Kwenye gari la common rail, yaani mfumo wa kisasa ambao nozeli zote hulishwa na bomba moja lenye presha kubwa, presha hupita bar 1,000 na dizeli hutoboa ngozi, kwa hiyo nati hizo haziguswi.

SWALI: Filta ya hewa ipulizwe au inunuliwe mpya?

JIBU: Inaweza kupulizwa mara moja au mbili, kutoka ndani kwenda nje, presha isizidi bar 2 na bomba lisisogezwe karibu. Kisha weka taa ndani yake gizani. Ukiona nukta hata moja ya mwanga mkali, itupe. Ya karatasi haioshwi. Kila unapoifungua, pitisha kidole ndani ya bomba baada ya filta: vumbi likishika, filta haikazi pembeni au bomba limepasuka, na mchanga huo unasaga ringi za pistoni.

SWALI: Oili ya gari langu inaongezeka yenyewe. Nipunguze tu?

JIBU: Usipunguze, na usiliendeshe hadi ujue kinachoongezeka. Kama si maji, ni dizeli. Dondosha tone la kwenye kijiti juu ya karatasi nyeupe na usubiri saa chache: dizeli hujitenga na kutengeneza duara jepesi lenye mafuta nje ya doa jeusi.

Inaingia wapi? Ikiwa kuna pampu ndogo ya kuvutia dizeli iliyofungwa ubavuni mwa bloku, kiwambo chake cha mpira kimepasuka. Ikiwa pampu kubwa inaendeshwa kwa gia, sili ya shafti yake ndiyo ya kushukiwa. Pampu inayoendeshwa kwa mkanda huvujia nje. Nozeli inayodondosha nayo huosha silinda hadi chini.

Oili ikizidi alama ya juu, krankishafti huipiga povu na beringi zinakosa utando. Baya zaidi, oili huweza kuvutwa kupitia bomba la kupumulia la injini, ikaanza kuwaka kama mafuta, na injini ikapanda resi yenyewe hata ukizima ufunguo. Likitokea hilo kwenye gari la gia za mkono, kanyaga breki kwa nguvu, ingiza gia ya juu na uachie klachi ili injini izime. La otomatiki lizibwe hewa kwa ubao kwenye mdomo wa bomba, kamwe si kwa kiganja.

Ukishaondoa chanzo, mwaga oili yote na ubadilishe filta hata kama ina wiki moja. Kuongeza nzito juu ya iliyochanganyika na dizeli hakurudishi ubora wake.