Mchezaji wa Kushonwa Viraka

Wiki mbili zilizopita niliuliza swali la kupitisha muda: ukiruhusiwa kumuunda mcheza tenisi kamili, utachukua nini kwa nani? Kumbe nilichokoza nyuki. Nimechagua maswali machache. Mengine yote yalikuwa swali la kwanza hili hili, limevalishwa kofia tofauti. Kwa wageni wa mchezo: servu ni pigo la kuanzisha pointi, fohendi ni pigo la upande wa mkono wenye raketi, bekihendi la upande wa pili, na voli ni kuupiga mpira kabla haujadunda.

*Servu ya Isner, fohendi ya Nadal, bekihendi ya Djokovic, voli za Edberg. Nani atamshinda huyo?*

Mtu yeyote mwenye slaisi nzuri ya chini, yaani pigo la kuukata mpira. Servu ya Isner haikai mkononi, iko kwenye urefu wake wa mita 2.08. Ukiitaka, beba na magoti yake, na umtazame akiinama kuokota mpira unaoteleza kwenye nyasi. Halafu Nadal: kule Roland Garros, mashindano ya Paris, alikuwa akipokea servu akiwa nyuma kabisa, karibu na ukuta, ili fohendi yake ipate nafasi ya kuzunguka. Edberg naye alikuwa akishapiga servu tu, mguu uko njiani kwenda wavuni. Sasa huyo mtu wenu atasimama wapi? Mnachukua mapigo kama mtu anayechagua nyanya sokoni, mnasahau kila pigo lina mwili wake na mahali pake uwanjani.

*Servu ya kasi kuliko zote ni ya nani?*

Sam Groth, kilomita 263 kwa saa, Busan, 2012, ingawa haihesabiki kuwa rekodi rasmi. Mechi ile alifungwa.

*Mbona Federer humtaji? Una chuki naye?*

Sina. Nina kumbukumbu. Fainali ya Wimbledon 2019, seti ya tano, anaongoza 8-7, servu ni yake, 40-15. Pointi mbili za ubingwa mkononi, zote zikaponyoka. Siku ile alishinda pointi 218, Djokovic 204, na kombe akachukua wa 204, kwa sababu taibreki zote tatu, yaani michezo ya kuamua seti iliyofungana, zilikuwa zake. Kwa hiyo kwa Federer nachukua chochote mnachotaka, lakini ikifika taibreki namwita Djokovic. Na tafadhali, msiniletee tena hesabu za nani kapiga mipira mingi ya ushindi.

*Lazima awe mwanamume?*

Hatimaye! Ni mmoja tu kati yenu aliyeuliza. Servu ningeichukua kwa Serena Williams kabla ya Isner, kwa sababu ya namna alivyokuwa akiurusha mpira juu: mahali pale pale, iwe anapiga katikati au pembeni, mpokeaji hana pa kusoma. Miguu ya Steffi Graf. Mikono ya Ons Jabeur kwa vile vimpira vya kudondosha nyuma ya wavu.

*Wewe ungeanza na nini?*

Macho ya Andre Agassi. Boris Becker alimfunga mara tatu za kwanza walipokutana. Agassi alisimulia baadaye kwamba alikaa akitazama mikanda ya mechi hadi akagundua ulimi: kabla ya servu Becker aliutoa kidogo, na ulipoelekea, mpira nao ulielekea huko. Wakamaliza Agassi akiwa na ushindi 10, Becker 4. Agassi anasema kusoma ulimi hakukuwa kazi. Kazi ilikuwa kujizuia, asiurudishe kila mpira, mwenzake asije akashtuka. Macho hayo hakuna aliyeyaomba. Nyote mnataka servu, na kurudisha servu ni nusu ya mchezo.

*Mwanangu ana miaka 9. Nimnunulie raketi gani apige kama Alcaraz?*

Wiki iliyopita nilimwona mtoto wa umri huo na raketi ya mtu mzima. Ameishika katikati ya mpini kama mwiko wa ugali, kichwa cha raketi kinaburuza chini, na baba pembeni anapiga kelele, "Nguvu! Nguvu!" Mnunulie raketi ya inchi 25, au 26 kama ni mrefu, na mipira laini ya watoto. Servu ya kasi isubiri bega likomae. Na kama ulishanunua ile kubwa, irudishe dukani kabla risiti haijapotea.