Baada ya kutolewa mtoto wa jicho: yaliyonipata nyumbani

Daktari aliponibandua plasta asubuhi ya pili, kitu cha kwanza nilichokiona ni weupe wa ukuta. Miaka mitatu nilidhani rangi za kuta zimechakaa na kuingia manjano, kumbe manjano yalikuwa jichoni mwangu. Nikarudi Wete, kwetu Pemba, nikakaa kwenye jamvi la dada yangu, nikawa naokota makonyo, vile vijiti vya karafuu, moja moja kwa kuyaona, kazi ambayo msimu uliopita niliifanya kwa kupapasa.

Furaha ile ndiyo iliyoniponza. Wiki ya pili nikaacha dawa. Niliona naona, nikajiambia jicho limeshapona, chupa hizi nizihifadhi. Haikupita siku tatu jicho likawa jekundu, mwanga wa mlangoni unanichoma, na ule weupe wa ukuta umeingia ukungu. Nikapanda gari kurudi Chake kwa daktari. Hakunigombeza. Alinieleza kwamba lenzi yangu iliyochafuka imetolewa na pahala pake imewekwa ya plastiki. Mkato ni mdogo, mimi hata sikushonwa, lakini ndani jicho linavimba kama kiungo chochote kilichokatwa. Kuona kumerudi mapema, kidonda bado. Dawa ya kuzuia uvimbe haikatwi ghafla, hupunguzwa kidogo kidogo mpaka ziishe wiki alizoziandika, na kwangu zilikuwa nne.

Basi tuzungumze dawa, maana hapa ndipo wengi tunapoteleza. Nilipewa chupa mbili zinazofanana kabisa. Mjukuu wangu alifunga uzi mwekundu kwenye ile ya mara nne kwa siku, na tukaziweka nyakati zake pamoja na sala: Alfajiri, Adhuhuri, Alasiri, Isha. Kukisikika adhana, naye anasikika: "Bibi, jicho!" Ananawa mikono kwa sabuni, mimi nalala chali. Anavuta kope ya chini kidogo kwa kidole mpaka pafanye kama kijifuko, anadondosha tone moja humo, na ncha ya chupa haigusi jicho wala kope. Nafumba taratibu bila kukaza, nabonyeza pembe ya jicho upande wa pua kama dakika moja ili dawa isikimbilie kooni. Ikiwa ni wakati wa dawa zote mbili, tunasubiri dakika tano ndipo itiwe ya pili, la sivyo ya pili inaiosha ya kwanza. Tone moja linatosha. Ile nyeupe kama maziwa hutikiswa kwanza.

Usiku nilivaa kile kikombe cha plastiki chenye matundu, kimebandikwa kwa plasta, wiki nzima. Na wajukuu nikawahamishia chumba kingine. Mtoto aliyelala hajui teke lake linakwenda wapi, na wewe mwenyewe usingizini mkono unakwenda jichoni bila habari. Kusugua jicho ndiyo hatari kubwa.

Maji yalinipa mtihani zaidi. Niliambiwa yasiingie jichoni wiki mbili, maji ya kisima, ya bomba na ya bahari sawasawa. Kichwa nilioshwa kwa kurudisha shingo nyuma. Kuhusu udhu na kusujudu, mwulizeni sheikh wenu kabla ya siku ya kupasuliwa, msingoje mpaka mkajikuta mmeshainama. Mimi nilipewa ruhusa nikasali juu ya kiti, na moyo wangu ulitulia.

Sikufagia, sikubeba ndoo, sikukaa karibu na mafiga. Jamvini nako nilifukuzwa, na haki yao, maana vumbi la karafuu linawasha hata jicho zima. Wanja nimeuweka kabatini.

Watakuja watu kukujulia hali na kila mmoja ana dawa yake: asali, maziwa ya mama anayenyonyesha, maji ya majani fulani. Wapokee kwa chai, wasikutie kitu jichoni. Wanakutakia heri, lakini uchafu ukiingia kwenye mkato ule unaweza kupoteza jicho zima.

Siku za mwanzo jicho kuwasha, kutoa machozi, kuhisi kama lina mchanga, ni kawaida na hupungua. Maumivu yanayozidi badala ya kupungua si kawaida. Wekundu unaoongezeka, kuona kunakofifia, vimulimuli, madoa meusi mengi ya ghafla, au kitu kama pazia linaloshuka upande mmoja, hayo nayo si ya kungojea siku ya kliniki. Ondoka siku hiyo hiyo. Tunaokaa mbali na hospitali tuweke nauli pembeni tangu mwanzo, isiguswe hata kwa sukari.

Miwani usikimbilie. Ile ya zamani haikufai tena kwa jicho hili, na mpya hupimwa jicho likishatulia. Mimi nilipimwa wiki ya sita. Mbali naona bila miwani, lakini kusoma msahafu bado nahitaji, na wengi huwa hivyo.

Jicho la kushoto linapasuliwa mwezi ujao. Mjukuu ameshakata uzi, safari hii wa kijani.