Wasomaji Wanauliza: Alama za UCE katika mtaala mpya

Nchini Uganda, watahiniwa wa kwanza wa mtaala mpya wa sekondari, ulioanza kufundishwa S1 (kidato cha kwanza) mwaka 2020, walifanya UCE, mtihani wa mwisho wa S4 (kidato cha nne), mwaka 2024. Mpaka leo wazazi na walimu wanatuandikia kuuliza alama zinatoka wapi.

Ripoti ya binti yangu aliye S3 inaonyesha 2.1 katika Kemia. Ni 2.1 kati ya ngapi? — Mzazi, Tororo

Ni kati ya 3. Mada inapokamilika, mwanafunzi hupewa kazi ya kutumia alichojifunza, ile ambayo walimu wanaiita AOI (Activity of Integration), nayo husahihishwa kwa alama isiyozidi 3. Akipata kati ya 0.9 na 1.4, amefikia baadhi tu ya malengo. Kuanzia 1.5 hadi 2.4 amefikia mengi, na kuanzia 2.5 hadi 3.0 ameyafikia yote bila shida.

Wastani wa kazi hizo hugeuzwa kuwa alama kati ya 20 za UCE. Tuseme binti alipata 2.4, 1.8 na 2.1. Jumla ni 6.3, wastani 2.1. Gawanya kwa 3, kisha zidisha kwa 20: ni 14. Alama 80 zilizobaki hutoka katika mtihani wa mwisho wa UNEB, bodi ya mitihani ya taifa.

Sasa angalia linaloharibu mambo. Tuseme siku ya kazi ile ya tatu binti alikuwa amerudishwa nyumbani kufuata karo, na mwalimu akaandika sifuri. Jumla inakuwa 4.2, wastani 1.4, na ile 14 inashuka hadi 9 na kidogo. Wazazi wengi hugundua hili akiwa S4, wakati hakuna tena wa kurekebisha. Kila mwisho wa muhula omba kuona orodha ya kazi, somo kwa somo, ukitafuta nafasi zilizo wazi. Ukiikuta moja, mwombe mwalimu ampe mtoto kazi hiyo muhula huohuo. Ni haki yako kuuliza, na mwalimu makini hatachukia.

Wanafunzi wangu wanajua noti zote, lakini kwenye maswali ya mtindo mpya wanaanguka. Nifanye nini? — Mwalimu wa Jiografia, Kasese

Mwalimu, shida mara nyingi huanzia kwenye maswali tunayowapa darasani. Swali la mtindo mpya huwa na maelezo ya hali fulani ya maisha, kitu cha kusoma kama jedwali, picha au ramani, na kazi ya kufanya. Mfano: familia za Bududa, wilaya ya milimani mashariki mwa Uganda, zinaishi chini ya mteremko uliokatwa miti. Mvua imenyesha wiki nzima na nyufa zimeonekana ardhini. Kuna jedwali la mvua ya kila mwezi. Kazi ya mwanafunzi ni kuandaa maelezo atakayoyatoa kwenye mkutano wa kijiji.

Aliyekariri ataorodhesha sababu saba za maporomoko ya ardhi, matetemeko na uchimbaji madini vikiwemo, ilhali hakuna popote vilipotajwa. Karatasi inajaa, alama hazipatikani. Kinachotafutwa ni asome jedwali na kutaja miezi ya hatari, aeleze kwa nini udongo uliolowa maji na usio na mizizi unateleza, aseme nyufa zinaashiria nini, kisha ashauri nani ahame kwanza na nini kipandwe, akitoa sababu kwa kila ushauri.

Kabla hujawapa swali ulilotunga, yafunike yale maelezo ya mwanzo kwa mkono na usome kazi peke yake. Ikiwa bado inajibika, maelezo yako ni pambo tu, na unawafundisha wanafunzi kuyaruka. Yaandike upya hadi jibu lisiwezekane bila hayo. Unaposahihisha, usihesabu hoja. Andika pembeni ni wapi mwanafunzi ameitumia ile hali aliyopewa. Na wape muda wa kusoma tu, bila kalamu mkononi. Anayeanza kuandika mara moja hujibu swali alilolitarajia badala ya lile aliloulizwa.

Mwanangu amepata B mbili, C tano na D moja. Hiyo ni daraja la ngapi? — Mzazi, Arua

Madaraja ya zamani hayapo tena, wala jumla ya zile alama za zamani, kuanzia D1 (ya juu kabisa) hadi F9 (kufeli). Kila somo lina herufi yake, A hadi E, basi. Jedwali lolote unaloliona kwenye simu likigeuza B kuwa D2 ya zamani, liache.

Angalia kinachoandikwa mwishoni. Matokeo 1 maana yake amestahili cheti, na mwanao yumo. Matokeo 2 ni ya aliyekosa sharti fulani, kwa mfano hakufanya masomo yanayotakiwa au alama zake za tathmini endelevu, yaani zile za kazi za darasani, hazikufika UNEB. Matokeo 3 ni ya yule ambaye hata somo moja hakufikia D. Matokeo 2 yanatuuma zaidi, kwa kuwa huenda mtoto alisoma vizuri na kosa likawa la kumbukumbu. Ndiyo maana, unapomhamisha mwanafunzi aliye S3 au S4, usiridhike na barua ya uhamisho peke yake. Chukua nakala ya alama zake za AOI na za mradi, zenye muhuri wa shule, na uhakikishe shule mpya imezipokea kabla hujalipa karo.

Je, mtoto anaweza kuendelea na Kiswahili hadi UCE? — Mzazi, Busia

Anaweza. Kiswahili ni lazima S1 na S2. Kuanzia S3 ni somo la kuchagua. Masomo saba ni ya lazima: Kiingereza, Hisabati, Fizikia, Kemia, Biolojia, Jiografia na Historia. Mtahiniwa hufanya masomo yasiyopungua 8 wala kuzidi 9, kwa hiyo nafasi za kuchagua ni moja au mbili tu. Uliza mapema, mtoto angali S2, kama shule ina mwalimu wa Kiswahili kwa S3 na S4. Zipo zinazoishia S2, na mzazi hulijua hilo ratiba ya S3 inapobandikwa ukutani.