Tundu la pambo si la kufugia ndege
Je, tundu lililotengenezwa kwa ajili ya mapambo ya nyumba laweza kufugia ndege? Hapana, usimtie humo ndege hai, hata kwa siku chache. Hatari kubwa ni waya wenyewe: kasuku, wakubwa kwa wadogo, hutafuna kila kitu, na zinki ya waya wa mabati au risasi iliyomo kwenye rangi za zamani huwapa sumu inayoua. Madaktari wa mifugo wanaijua vizuri kesi hii. Tena nyaya zake mara nyingi zimeachana mno. Kwa kasuku wadogo wa Australia nafasi isizidi sentimita 1.3, la sivyo kichwa hunasa. Wewe lipambe kwa mmea unaotambaa au taa ndogo za betri. Mshumaa weka tu kama ndani hamna kitambaa wala maua ya plastiki.